Taa Mpya, Injini Ile Ile

(Hotuba iliyotolewa Igogo, Mwanza, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa.)

   

Kamati iliponiandikia barua ilinitaka nizungumze juu ya maendeleo ya teknolojia na kijana wa leo. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Nikiachiwa mada pana kama hiyo nitaandika kurasa arobaini na ninyi nyote mtasinzia. (Kicheko.) Kwa hiyo nimemwomba Mwenyekiti ruhusa nizungumze juu ya jambo moja tu ninalolifahamu, nalo ni gari. Tena ni gari langu mwenyewe, na jinsi lilivyonivunja moyo. Wenzangu wa kidato changu hawatashangaa. Hapa shuleni jina langu lilikuwa Boneti, kwa kuwa kila gari lililosimama getini nilitaka lifunguliwe boneti nione ndani.

Nilianza kidato cha kwanza mwaka 1994. Siku za Jumamosi, tulipomaliza kufua, tulikuwa tukipanda juu ya mawe kule mlimani. Kutoka pale tuliona mambo mawili. Upande wa ziwa tuliona meli na behewa za reli pale Mwanza Kusini. Upande wa chini tuliona barabara itokayo mjini kwenda Mkuyuni na Butimba. Wenzangu walitazama meli, mimi nilitazama barabara. Ilikuwa miaka ambayo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimeleta fedha mjini, na magari yaliyotumika Japani yalikuwa yameanza kuwa mengi. Nilizijua Cresta, Mark II na Chaser kwa mlio tu. Lakini gari lililonitoa roho lilikuwa moja, Toyota Crown nyeupe ya mfanyabiashara mmoja, iliyokuwa ikipita taratibu kama bwana harusi. Nilijiambia kwamba siku moja nami nitakuwa nayo.

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilikuja kusoma kwamba wazo langu halikuwa geni. Crown ilianza kuuzwa huko Japani mwaka 1955. Ilipotoka Crown ya mwaka 1983, tangazo lake la biashara liliwaambia Wajapani karibu neno hilo hilo, kwamba ipo siku watafika kwenye Crown. Yaani karani wa Tokyo na mwanafunzi wa Igogo walikuwa wanaota ndoto moja. Tofauti ni kwamba karani alinunua gari jipya, na mimi nilikuwa nangojea alichoke nalo.

Naam. Nikamaliza hapa, nikaenda kidato cha tano, nikaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaajiriwa. Mwaka 2019 nikapata Crown yangu ya kwanza. Ilikuwa Athlete ya mwaka 2013, ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli ya lita mbili na nusu pamoja na mota ya umeme. Hiyo ni Crown ya kizazi cha kumi na nne, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2012. Sitaki kuwachosha kwa sifa zake. Mke wangu anasema niliisifu kwa miaka minne mfululizo, naye ndiye aliyekuwa akisikiliza. (Kicheko.)

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwezi Oktoba 2015 Crown hiyo ilifanyiwa kule Japani kile wanachokiita mabadiliko madogo. Magari ya toleo hilo yalipoanza kufika Dar es Salaam, nikayaona barabarani. Shoo ya mbele ilikuwa imepanuliwa, bampa limechongwa upya, taa zimeguswa, na rangi zilikuwa za kutamanisha. Kule kwao walitoa rangi kumi na mbili kwa Athlete peke yake. Nikirudi nyumbani na kuitazama yangu, naiona imezeeka. Gari lilikuwa halijanikosea kitu. Halikuwahi kunilaza njiani. Lakini kila nilipoegesha karibu na lile la sura mpya nilijisikia kama mtu aliyekwenda harusini na shati la mwaka jana.

Mwaka 2023 nikaliuza. Nikakopa kwenye chama chetu cha akiba na mikopo, nikaagiza Athlete ya haibridi ya mwaka 2016. Mtumishi wa Serikali hakosi hoja. Nilimweleza mke wangu kwamba gari la abiria likipita miaka minane hutozwa ushuru wa uchakavu, hivyo ni busara kuagiza la miaka saba. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, ila sababu haikuwa hiyo. Sababu ilikuwa taa.

Na lipo jambo jingine, ambalo ninyi wenzangu mnalijua na wadogo zetu hawalijui. Mwaka 2022, katika mkutano kama huu, nilisimama nikaahidi shilingi milioni mbili kwa ajili ya maabara ya fizikia. Mlinipigia makofi. Jina langu likaandikwa kwenye daftari. Fedha zile nilikuwa nazo. Lilipokuja suala la gari nikaziongeza humo, nikasema ahadi nitaitimiza mwaka ujao. Mwaka uliofuata nilituma salamu kwamba nina safari ya kikazi. Safari ilikuwepo, lakini ingewezekana kuahirishwa.

Gari likafika. Nikalipokea Dar es Salaam, nikakaa kwenye usukani, nikawasha. Ndugu zangu, nilitambua kabla ya kutoka bandarini. Kiti kilikuwa kile kile, usukani ulishikika vile vile, na mguu ulipokanyaga mafuta gari liliitika kwa namna niliyoizoea kwa miaka minne. Nikajiambia kwamba pengine tofauti itaonekana njiani. Nikaendesha hadi Dodoma. Baadaye nikaja nalo mpaka hapa Mwanza kwa njia ya Singida, Nzega na Shinyanga, karibu kilomita mia saba. Nilikuwa natega sikio kama daktari aliyeweka chombo kifuani mwa mgonjwa, nikitafuta ugonjwa unaoitwa upya. Sikuuona.

Nilipofika hapa Igogo nikalipeleka kwa mwenzetu mmoja wa kidato changu, ambaye ana gereji, na leo hayupo kwa sababu Jumamosi ndiyo siku yake ya kazi nyingi. Alikuwa ameniangalizia lile la kwanza mara kadhaa, hivyo analijua. Akalipandisha, akaingia chini na tochi, akatoka. Akafungua boneti. Akaenda nyuma ya kiti, akatazama mahali feni inapovuta hewa ya kupoza betri kubwa, akapuliza vumbi. Kisha akafuta mikono polepole, akaniambia:

"Boneti, ndugu yangu, umenunua gari lako mwenyewe kwa mara ya pili."

Nikamwuliza kama amekagua vizuri. Akasema, "Injini ni ile ile, nguvu ni farasi 220 kama lile, mota na betri ni mpango ule ule. Bampa ndilo jipya, nalo ukiligonga kwenye mawe ya kwa mama yako utanitafuta, maana litakuwa ghali kuliko lile la zamani."

Mama yangu anakaa huko juu ya mawe, na njia ya gari inaishia chini. Nikaegesha gari la kwanza pale chini kwa miaka minne, nikapanda kwa miguu. Siku ile nikaegesha la pili mahali pale pale, nikapanda kwa miguu. Mama akauliza, "Umekuja na gari lako?" Nikasema ndiyo, jipya. Akachungulia akasema, "Si lile lile, umelipaka rangi?" (Kicheko.)

Baada ya hapo nilikasirika, kisha nikafanya lile ambalo mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kufanya tunapopata jibu tusilolipenda: nikarudi kuchunguza swali. Na hapa wadogo zangu nawaomba mnisikilize vizuri, kwa kuwa sehemu hii ndiyo yenye faida.

Swali la kwanza ni kwa nini kiwanda hubadilisha bampa na taa, na kuacha mengine. Jibu liko kwenye gharama. Mlango, paa na bodi ya gari ni bati la chuma linalogandamizwa na mashine kubwa kwenye vyuma vya muundo. Vyuma hivyo ni ghali mno, na kiwanda huvitumia kwa miaka yote ya kizazi kimoja cha gari, ambayo kwa Crown imekuwa kama minne au mitano. Bampa ni plastiki. Shoo ni plastiki. Taa hufungwa na kufunguliwa. Basi katikati ya kizazi, mauzo yanapoanza kulegea, kiwanda hugusa vile vinavyogusika kwa fedha ndogo na kuonekana na macho haraka.

Mchezo huu una umri wa miaka mia moja. Henry Ford wa Marekani alitengeneza gari lake la Model T tangu mwaka 1908 hadi 1927 bila kupenda kulibadilisha. Mpinzani wake, Alfred Sloan wa kampuni ya General Motors, aliona kwamba watu wakionyeshwa sura mpya kila mwaka wataona ya zamani imepitwa, hata kama bado inakwenda. Mwaka 1927 Ford alilazimika kufunga viwanda kwa miezi kadhaa ili aanze gari jingine. Kwa hiyo yule aliyekataa kubadilika aliadhibiwa, na yule aliyebadilisha nguo akashinda.

Lakini msidhani kwamba kubadilisha sana ndiyo dawa. Mwaka 1971 Toyota ilitoa Crown yenye umbo la kishujaa, la mviringo, lisilofanana na chochote kilichotangulia. Wajapani waliibandika jina la nyangumi. Wateja wa Crown, watu wazima wenye heshima zao, waliikimbia, na mpinzani wake, Nissan Cedric, akapita mbele. Mwaka 1974 ikaja Crown nyingine yenye umbo la utulivu. Kiwanda kilichoungua hivyo hupuliza hata maziwa ya baridi. Nilipoijua habari hiyo nilielewa woga uliomo ndani ya bampa langu.

Swali la pili lilinishika zaidi. Je, ni kweli kwamba mwaka 2015 hawakubadilisha kitu cha maana? Hapana, si kweli. Waliongeza mahali pa kuunganisha bodi kwa kulehemu na kwa gundi maalumu ili iwe imara zaidi. Walileta injini mpya ya lita mbili yenye turbo, ila iliwekwa katika Athlete nyingine, si hii ya haibridi niliyoitaka mimi. Na walileta chombo cha mawasiliano ambacho kilikuwa cha kwanza cha aina yake kuuzwa katika gari: gari linapokea habari kutoka taa za barabarani na kutoka magari mengine yenye chombo hicho, likamtahadharisha dereva. Ni jambo kubwa kwa kweli. Lakini chombo hicho kinataka taa za barabarani zilizojengwa kwa kazi hiyo, na hizo ziko Japani. Hata ningelipata gari lenye chombo hicho, lingepita Nyegezi na Igogo likiita na kusiwe na wa kuitika.

Hapo ndipo nilipoelewa. Badiliko lile halikufanywa kwa ajili yangu. Lilifanywa kwa ajili ya bwana mmoja wa Nagoya au Osaka mwenye Crown ya mwaka 2013, ili aione imezeeka, aiuze, anunue ya 2015. Naye alipoiuza ndipo ile ya kwanza iliposhuka bei, ikapanda meli, ikanifikia. Tamaa yake ndiyo iliyonipa gari. Kisha mimi nami, mtu wa Igogo ninayepanda mawe kwa miguu, nikashikwa na tamaa ile ile iliyotengenezwa kumshika yeye, miaka minane baadaye. Yeye alidanganywa akiwa na uwezo. Mimi nilijidanganya kwa mkopo.

Wako waliofanya kwa akili zaidi. Hapa Mwanza, kama ilivyo Dar es Salaam, mtu mwenye gari la sura ya zamani huweza kununua bampa, shoo na taa za sura mpya, na fundi akamfungia. Zamani niliwacheka, nikawaita watu wa kuigiza. Sasa nawaheshimu, kwa kuwa wao walijua tangu mwanzo kwamba wananunua taa.

Ndugu Mwenyekiti, nilisema kwamba tukiwa wavulana wenzangu walitazama ziwa na mimi nilitazama barabara. Ninaona walitazama upande wenye somo. Mnaikumbuka meli ya MV Victoria. Ilitengenezwa Uskochi, ikaanza kazi ziwani humu mwaka 1961. Tulikuwa tukisikia honi yake jioni ikitoka kwenda Bukoba. Baada ya mwaka 1996, ambao hakuna kati yetu atakayeusahau kwa sababu ya MV Bukoba, mzigo wa abiria wa njia ile uliizidia. Ikachoka, na mwaka 2014 ikasimama. Kuanzia 2018 ilifanyiwa matengenezo makubwa pale Mwanza Kusini, na mwaka 2020 ikarudi majini. Mtu aliyesimama juu ya mawe angeona meli ile ile ya zamani, umbo lile lile, imepakwa rangi. Lakini chini kule, mahali abiria hafiki, iliwekewa injini mpya. Abiria wa Bukoba hakuhitaji kuambiwa. Alijua alipofika.

Nimetaja meli kwa sababu ya ajenda iliyo mbele yetu mchana huu. Kamati imependekeza tuchangie geti jipya la shule lenye upinde na maandishi, pamoja na kupaka rangi majengo ya mbele. Nimeiona michoro, inapendeza. Mimi si adui wa rangi. Mtu aliyekopa ili apate taa hawezi kusimama hapa kuwakemea wengine. Shule iliyochakaa humvunja mtoto moyo, na mzazi anayepita barabarani hutazama geti. Hayo nayakubali.

Ila asubuhi hii, kabla ya sala na nyimbo, niliomba ufunguo nikaingia maabara ya fizikia. Meza ni zile tulizochora majina yetu. Jina langu bado lipo, pembeni ya sinki ambalo halitoi maji. Nilimkuta kijana wa kidato cha tatu akipanga vifaa, nikamwuliza kama amewahi kuona mota ya umeme ikifunguliwa. Akasema, "Hapana, shikamoo, ila naweza kuichora." Akaichora ubaoni, na aliichora sawasawa. Nilisimama pale nikaona aibu, kwa kuwa fedha ambazo zingemwonyesha mota zilikuwa zimeegeshwa nje, chini ya mwembe, zina taa nzuri.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja kwa mkutano. Kabla ya kupitisha geti, kila mmoja wetu ajiulize swali ambalo fundi wangu aliliuliza kwa tochi: kijana yule wa kidato cha tatu, akipita chini ya upinde huo mpya na kuingia darasani, atakuta nini ambacho hakukikuta jana? Kama jibu lipo, tujenge geti. Kama halipo, tuanze na sinki, meza na vifaa, na geti litakuja kwa zamu yake.

Na ninyi wadogo zangu, msiondoke mkidhani nimewakataza kupenda magari. Pendeni. Mimi bado nalipenda langu. Kosa si lake, limenileta hapa salama. Lakini mtu akikuletea kitu na kukuambia ni kipya, kiwe gari, simu au kitabu cha masomo, mwombe afungue boneti. Akikataa, au akianza kukuonyesha taa, weka fedha zako mfukoni. Na mkitoka hapa leo, nimekubaliana na Mwalimu wa fizikia kwamba gari litabaki wazi mpaka saa kumi. Mtaona injini, mtaona mahali betri inapokaa, nami nitawaeleza jinsi gari linavyorudisha umeme linapopunguza mwendo. Hamruhusiwi kuandika majina. (Kicheko.)

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, kuhusu daftari. Ahadi yangu ya mwaka 2022 nimeilipa juzi kwa mhasibu wa shule, milioni mbili kamili, na stakabadhi ninayo hapa. Nimechelewa, na sina hoja ya kiserikali ya kueleza ucheleweshaji huo zaidi ya ile mliyoisikia. Naomba mstari wangu ukatwe, na wenzangu wenye mistari iliyobaki wajue kwamba siwatazami kwa jicho baya. Najua jinsi inavyokuwa.